KUONA NI DENI



Liko swali ambalo kila mtu hulijibu upesi. Mtu akiona moshi ukitoka katika paa la jirani yake, naye jirani amelala, yampasa afanye nini? Hata mtoto atasema: yampasa apige kelele. Lakini tukizidi kuuliza, jibu halibaki jepesi. Je, ikiwa mtu huyo yuko juu ya kilima cha mbali, wala hajui kama ni nyumba iwakayo au ni jiko la mpishi? Je, ikiwa amewekwa pale ili kuhesabu mioshi na kuiandika katika daftari tu? Na je, akiisha kupiga kelele, deni lake limekwisha, naye aweza kwenda zake?

Swali hili limepata nguvu mpya siku hizi, kwa kuwa wanadamu wamejipatia jicho lililo juu kuliko kilima chochote, yaani setilaiti. Katika kazi zake nyingi, moja ni kutazama afya ya misitu: kutambua miti yenye kiu, miti inayougua na miti iliyokufa. Nataka tulifikiri jambo hili kwa kuangalia nchi moja, ndiyo Ujerumani, maana tangu mwaka 2018 jicho hilo limeona huko mambo makubwa na ya huzuni. Kisha tutajiuliza habari zetu wenyewe.

1. Jinsi jicho hilo lionavyo

Setilaiti ni chombo kilichorushwa juu kwa roketi, nacho huizunguka dunia pasipo kuanguka. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha ya kwanza iliyowekwa makusudi kutazama nchi kavu na mimea yake. Baadaye ilipewa jina la Landsat. Nchi za Ulaya zilirusha ya kwao, Sentinel-2A, mwezi wa Juni 2015, na mwenziwe, Sentinel-2B, mwezi wa Machi 2017. Hizi hupita juu yetu kwa kadiri ya kilometa 786, na mbili zikishirikiana hurudi juu ya mahali pale pale kila siku tano. Picha zao haziuzwi. Mtu yeyote aweza kuzipata bure.

Jicho hili halioni jani kama sisi tulionavyo. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu, kwa ajili ya ile rangi yake ya kijani, iitwayo umbijani, itengenezayo chakula cha mti. Lakini mwanga mwingine, ulio jirani ya mwekundu na usioonekana kwa macho yetu, jani hilo huurudisha kwa wingi, kwa jinsi lilivyojengwa ndani yake. Tena uko mwanga wa tatu, nao hatuuoni, ambao maji yaliyomo katika jani huumeza. Basi mti ukipatwa na kiu, maji ya majani hupungua, na mwanga ule wa tatu huanza kurudi juu zaidi ya desturi. Umbijani ukiharibika, mwanga mwekundu nao hurudi. Watazamaji hulinganisha mianga hiyo, hulinganisha tena mwaka huu na miaka iliyopita, ndipo wasemapo: Hapa miti ina taabu.

Jambo hili lastahili kustaajabiwa. Mti hauna sauti, wala haukimbii adui. Zamani taabu yake ilijulikana kwa yule tu aliyepita chini yake. Sasa kilio chake kisicho na sauti chasomwa toka mbali, hata mahali pasipo njia.

2. Mambo yaliyoonekana

Katikati ya Ujerumani iko milima iitwayo Harz, ambayo kilele chake, Brocken, chafika mita 1,141. Kwa karne nyingi watu walichimba huko fedha, shaba na risasi. Machimbo yalitaka magogo ya kutegemeza mapango, na makaa ya kuyeyushia madini. Kwa hiyo misitu ya asili ilikatwa sana. Shida ya namna hiyo ilikuwako katika nchi ya machimbo ya Saxony pia, na mwaka 1713 mkuu wa machimbo wa huko, Hans Carl von Carlowitz, alitoa kitabu akifundisha kwamba watu wasikate miti kuliko inavyoota, tena wapande mingine. Lilikuwa neno jema, na lingali jema.

Watu wa vizazi vilivyofuata walipanda kweli. Wengi walichagua mti mmoja wa jamii ya msonobari, ambao Wajerumani huuita Fichte, kwa kuwa hukua upesi, hunyooka, na mbao zake zina soko. Kwa asili yake mti huo wapenda mahali pa juu penye baridi na unyevu. Wao waliushusha hata mabondeni, wakaupanda shamba baada ya shamba, mti wa aina moja na wa umri mmoja. Baada ya vita vya 1939 hata 1945 misitu mingi ilikatwa, sehemu yake kwa kuwalipa washindi wa vita. Nayo pia ilijazwa tena Fichte.

Tarehe 18 Januari 2018 dhoruba iliyopewa jina la Friederike iliangusha miti mingi. Kisha ukaja ukame na joto la mwaka 2018, na wa 2019, na wa 2020. Ndipo akatokea adui mdogo, mbawakawa wa gome, ambaye urefu wake hauzidi milimita tano na nusu. Mwaka 1758 mtaalamu Linnaeus alimpa jina lenye maana ya mchapaji. Na Wajerumani humwita mchapaji wa vitabu, kwa sababu njia zinazochimbwa chini ya gome na yeye na mabuu yake hufanana na mistari ya ukurasa. Mti wenye nguvu humzuia kwa utomvu wake, naye hunaswa humo akafa. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha. Dume mmoja akiisha kuingia, hutoa harufu ya kuwaita wenziwe, nao huja makundi makundi. Wakati wa joto, kizazi kipya huwa tayari kuruka baada ya majuma sita hata kumi.

Mwaka 2022 wataalamu wa DLR, ndicho chombo cha serikali ya Ujerumani cha mambo ya anga, walitangaza hesabu waliyoipata katika picha za Sentinel-2 na Landsat 8. Toka Januari 2018 hata Aprili 2021 miti ilitoweka katika hekta 501,000 za Ujerumani, karibu sehemu tano katika mia za misitu yake yote. Hakuna mtu wa miguu ambaye angeweza kuileta hesabu hiyo kwa upesi huo.

3. Je, aonaye toka mbali aona kweli?

Naam, aona kweli, ila si kweli yote. Yafaa tulieleze hili kwa uangalifu, maana hapa ndipo watu hukosea pande mbili: wengine huidharau picha, wengine huisujudia.

Picha huonyesha kwamba miti haipo. Haisemi kwa nini haipo. Katika zile hekta 501,000 imo miti iliyoangushwa na upepo, iliyouawa na ukame, iliyoliwa na mbawakawa, na iliyokatwa na mwenye msitu ili adui asienee. Toka juu, mwenye kuponya na mwenye kuharibu waweza kuacha alama moja.

Tena, sehemu ndogo kabisa ya picha ya Sentinel-2 ni mraba wa mita kumi kwa kumi, na ndani yake huingia vilele vya miti kadhaa. Mti mmoja ukiugua kati ya wenziwe wazima, dalili yake humezwa na afya ya wale wengine. Mchungaji wa kondoo aelewa jambo hili: hali ya kundi si hali ya kondoo mmoja.

Lakini lililo kubwa ni hili. Mbawakawa akiisha kuingia katika mti, majani hubaki ya kijani kwa majuma kadhaa. Wakati huo ndio wakati wa kuokoa jirani zake, kwa kuukata mti ule na kuutoa msituni, au kuumenya gome kabla kizazi kipya hakijaruka. Na wakati huo huo ndio setilaiti ionapo kwa shida; tofauti ni ndogo mno, mara nyingi haitambulikani kwa uhakika. Picha ikionyesha wazi kwamba mti umegeuka rangi, huenda adui amekwisha kuhamia mti mwingine. Nani basi huona mapema? Ni bwana misitu aendaye kwa miguu, akainama penye shina, akaona unga mwembamba wa rangi ya kahawa uliomwagika katika nyufa za gome na juu ya utando wa buibui. Yeye aliye chini ameona alichokikosa yule aliye juu. Lakini bwana misitu huyo hawezi kukagua hekta elfu kwa siku moja. Na picha yaweza kumwambia aanzie upande gani. Kwa hiyo mmoja asimwambie mwenziwe, Sikuhitaji.

Na hata kifo kinachoonekana dhahiri hakina maana moja. Kusini ya Ujerumani iko hifadhi ya Msitu wa Bavaria, iliyowekwa mwaka 1970. Mwaka 1983 dhoruba iliangusha miti humo, na wakuu wakaazimu kuiacha ilale pale pale ilipoanguka. Mbawakawa wakaongezeka, na katika miaka ya 1990 miti ya Fichte ikafa katika maelfu ya hekta. Watu wa vijiji vya karibu waliona uchungu na hasira, maana ule ulikuwa msitu wa baba zao. Leo kati ya magogo yaliyooza umeota msitu mpya, wenye miti ya umri mbalimbali. Aliyetazama toka juu mwaka ule wa kufa aliona kweli, lakini hukumu ilitaka kungojewa.

4. Nyudhuru tatu za mtazamaji

Tuseme sasa kwamba ameona vema, na aliyoyaona ni ya hakika. Ana deni gani? Ziko nyudhuru tatu ambazo mtu huweza kuzitoa.

Udhuru wa kwanza: Mimi ni mpimaji tu, kazi yangu ni kuandika hesabu. Neno hili lina haki kidogo, kwa kuwa mpimaji anayepotosha hesabu ili watu waogope ameiharibu kazi yake. Lakini kuandika kwa uaminifu ni mwanzo wa wajibu, si mwisho wake. Mlinzi juu ya mnara hakuwekwa pale ili ajue yeye peke yake. Hesabu isiyomfikia mwenye shoka na mwenye mche ni mali iliyofukiwa.

Udhuru wa pili: Nikipiga kelele na jambo lisitokee, nitaitwa mwongo. Hili limepata kutukia huko huko Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilivuma habari kwamba misitu yote itakufa kwa mvua yenye asidi, itokanayo na moshi wa makaa ya mawe. Watu walitaharuki. Mwaka 1983 serikali ilitoa amri ya kusafisha moshi wa mitambo mikubwa, na tangu mwaka 1984 watu huenda kila mwaka kutazama vilele vya miti katika vituo vilivyowekwa. Misitu haikufa yote kama ilivyotabiriwa. Wengine wakacheka, wakisema kwamba ilikuwa hofu bure. Ni kweli kwamba utabiri mwingine ulipita kiasi; lakini ni kweli pia kwamba moshi ulisafishwa, na sumu ikapungua sana hewani. Kelele iliyosikiwa huonekana baadaye kama kelele ya bure, kwa sababu nyumba haikuungua. Mlinzi mwema aridhike na dharau hiyo. Ila na achunge ulimi wake, aseme kiasi alichokiona wala asiongeze, maana akizidisha leo, kesho hatasikiwa.

Udhuru wa tatu: Msitu si wangu. Karibu nusu ya misitu ya Ujerumani ni mali ya watu binafsi, na wengi wao wana vipande vidogo. Wako walioirithi kwa wazee wao, nao wakaa mjini mbali. Basi jirani huona vilele vyekundu upande wa pili wa mpaka, akanyamaza kwa adabu. Lakini mbawakawa hajui mpaka. Kuna mambo ambayo kuyanyamazia ni adabu, na kuna mambo ambayo kuyanyamazia ni kumtupa mwenzio. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa jirani hufika kwako.

5. Deni halilipwi kwa kuona zaidi

Sasa nafika penye neno ambalo kwa ajili yake nimeandika haya yote. Hatari ya siku zetu si upofu. Hatari ni kudhani kwamba tukiona zaidi tumekwisha kutenda. Mtu huogopa habari za msitu, kisha hutuliza hofu yake kwa kutafuta picha mpya, iliyo safi kuliko ile ya juzi, na ramani yenye rangi nyingi zaidi. Siku tano baadaye huja nyingine. Wakati huo mbawakawa hasomi ramani. Yeye aendelea kuchapa kurasa zake chini ya gome.

Sisemi kwamba picha zipunguzwe. Nasema kila picha yadai mguu wa kwenda, na mkono wa kutenda. Mwaka 2020, katika ule ukaguzi wa Ujerumani wa kila mwaka, miti 37 katika kila mia ilikutwa na kilele kilichopungukiwa sana na majani. Hesabu hiyo ililetwa na watu waliosimama chini ya miti ile ile, mwaka baada ya mwaka. Nayo hata hiyo haikuponya mti mmoja, mpaka mtu alipochukua jembe.

Tena tukiuliza ugonjwa ulianza lini, jibu si 2018. Ulianza siku ile watu walipochagua kupanda mti wa aina moja mahali pasipo pake. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wametii neno jema la kupanda, wakaona haja ya mbao, nao hawakuiona siku ya ukame. Hakuna setilaiti iwezayo kuonyesha kosa la namna hiyo siku linapotendeka, maana siku ya kupanda shamba lote ni la kijani na lapendeza. Kwa hiyo, kabla ya jicho la angani, latakiwa jicho jingine: fikira za mtu apandaye mche ambao kivuli chake yeye hatakikalia. Leo huko Harz na mahali pengine wapanda miti ya aina nyingi pamoja, ili mmoja ukipatwa, mwingine usimame.

6. Nasi je?

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Setilaiti zile zile hupita juu ya Kilimanjaro, na Usambara, na misitu ya miombo ya Tabora. Wala hatukosi mfano wa hatari ile ile. Mwaka 1986 vidukari wa miberoshi, wadudu wadogo wafyonzao maji ya mti, walionekana Malawi; baada ya miaka michache walikuwa wamefika Tanzania na Kenya, na miberoshi mingi iliyopandwa mfululizo ikakauka.

Lakini jicho hilo lahitaji mwenyeji kuliko linavyohitajiwa. Milima yetu hufunikwa na mawingu siku nyingi, na mwanga ule niliousimulia haupenyi mawingu. Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mgeni asomaye picha bila kuuliza aweza kusema kwamba msitu waugua, na kumbe umepumzika, nao utachipua hata kabla ya mvua. Na akiona kipara katikati ya msitu, asifanye haraka kuwashtaki wanakijiji. Kumshuhudia mtu uongo kwa picha ni uongo vilevile. Ndiyo maana hesabu kubwa ya misitu ya Tanzania iitwayo NAFORMA, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 2015 na kutaja hekta milioni 48.1, haikutegemea picha peke yake. Watu walitembea hata viwanja vya kupimia, wakapima miti kwa mikono yao.

Kwa upande wetu, sisi tukaao chini ya miti hiyo tuna deni letu. Picha za nchi yetu zikijulikana katika miji ya mbali na zisijulikane kijijini, tusingoje mpaka tuletewe. Walimu na vijana wenye elimu waziulize katika ofisi za misitu, wawasomee wazee, na wazee waseme yale ambayo picha haisemi: mti gani umekauka, tangu lini, na maji ya kijito yamepunguaje. Hapo aliye juu na aliye chini watakuwa wamesaidiana.

Basi, ndugu zangu, kabla masika hayajaanza, kila usharika wenye shamba la miti ulitembelee shamba lake. Watu wawili watatu wapite kati ya mistari, watazame gome na vilele, waandike waliyoyaona, na wampelekee habari bwana misitu. Na pale patakapopandwa upya, pasipandwe mti wa aina moja tu.